Je, Yafaa Kucheka Katika Hadithi ya Mauaji?

Ndugu msomaji, katika fungu hili la Kiswahili tumezoea kusoma habari za mashairi, methali na desturi za kwetu. Leo nataka tujifunze jambo jingine. Wapimaji wa vitabu na sinema husema nini juu ya hadithi ya mauaji iliyotungwa ili kumfurahisha na kumchekesha mtu? Je, hukumu yao ni ya haki? Na sisi tukaao pwani hii ya kaskazini ya Cabo Delgado, ambako watu wamekufa kweli wala si vitabuni, yatupasa kuzipokea vipi hadithi hizo?

Swali hili lilizuka katika majadiliano ya darasa letu. Mwenzetu mmoja alisema kwamba tangu tarehe 5 Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa, na zaidi tangu Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, haifai kumpa kijana wa huku kitabu ambacho ndani yake maiti ni chombo cha mchezo. Wengine wakasema kitabu ni kitabu tu. Mimi sikutaka kujibu kwa haraka, kwa maana neno la yule wa kwanza lilikuwa zito. Nikaona heri kwanza nijifunze walivyosema wenye elimu ya jambo hili, kisha nipime. Haya ndiyo niliyoyapata.

I. Hadithi ya namna hii ni ipi?

Si kila hadithi yenye kifo ni hadithi ya upelelezi. Katika hadithi ya upelelezi mtu huonekana amekufa, watu wachache hushukiwa, na kila mmoja wao ana jambo analolificha. Halafu huja mpelelezi, mtu mwenye akili na mwenye vituko vyake, naye huchunguza mpaka mwuaji ajulikane. Twaambiwa kwamba hadithi ya kwanza ya namna hii kwa lugha ya Kiingereza ilitungwa na Mmarekani Edgar Allan Poe mwaka 1841. Mwaka 1887 daktari mmoja wa Uingereza, Arthur Conan Doyle, alimtoa Sherlock Holmes pamoja na rafiki yake Watson, na tangu hapo watungaji wa nchi nyingi wamefuata njia yao.

Hadithi hizi zina sharti moja kubwa. Mtungaji hapaswi kumficha msomaji dalili. Kila alichokiona mpelelezi, na msomaji akione, ili mwisho aseme, "Lo! Mbona nilikuwa nacho machoni nisikitambue!" Kwa sababu hiyo hadithi hii ni kama fumbo au kitendawili kirefu. Nasi twajua kwamba kitendawili huchekesha: mtu akishindwa, humpa mwenzake mji, na wote waliokaa barazani hucheka. Basi kicheko ndani ya hadithi ya mauaji si kukicheka kifo. Ni kicheko cha mtu aliyezidiwa akili katika mchezo wa akili. Neno hili tulishike, kwa maana tutalihitaji mbele.

II. Bwana Msa wa Unguja

Kwa sisi tusomao Kiswahili, mfano ulio karibu ni Bwana Msa. Mtungaji wake, Muhammed Said Abdulla, alizaliwa Unguja mwaka 1918, akafa mwaka 1991. Alikuwa mtu wa magazeti kwa miaka mingi, na kwa muda alikuwa mhariri wa jarida la wakulima. Hadithi yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda katika mashindano ya utungaji ya 1957 na 1958 yaliyofanywa na East African Literature Bureau, ikachapishwa kitabu mwaka 1960. Baadaye alitoa Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984).

Bwana Msa ni mtu mtulivu, mwenye kiko mdomoni, asemaye kidogo na kuona sana. Rafiki yake ni Najum, ambaye hukimbilia kusema kabla ya kufikiri. Mara kwa mara Najum hujenga maelezo yake, akayapamba vizuri, na Bwana Msa kwa swali moja tu akayabomoa yote. Msomaji humcheka Najum, halafu akikumbuka vema huona kwamba yeye mwenyewe alikuwa upande wa Najum! Hapo ndipo penye utamu.

Katika Mzimu wa Watu wa Kale, tajiri mmoja mwenye mashamba, Bwana Ali, ameuawa, na mahali penyewe ni pale mzimuni ambapo watu huogopa hata kupita. Sitasema nani aliyemwua, kwa maana mwenye kuhadithia mwisho wa kitabu cha namna hii amemwibia mwenzake. Lakini nitasema jambo moja. Mahali pakiwa pa mizimu, ni rahisi watu waseme kwamba mizimu ndiyo iliyoua, na mambo yakaisha hapo. Bwana Msa hakubali. Hadharau imani ya watu, wala hawatukani, ila husema moyoni mwake kwamba mkono ulioua ni mkono wa mtu, na mtu huacha nyayo. Hata jina la kitabu cha pili latuonyesha hayo, kwa sababu Giningi katika masimulizi ya visiwani ni mahali wakutanapo wachawi. Mtungaji huyu hupenda kuanza penye hofu ya giza na kumalizia penye nuru ya sababu.

III. Waliyosema wapimaji wa vitabu

Hukumu juu ya Bwana Msa zaweza kugawanywa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la wale waliosema kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevikwa kanzu. Kiko ni kile kile, rafiki ni yule yule, na hata namna ya kumaliza, watu wakiwa wamekusanyika kuelezwa mambo yote, ni ile ile. Hili lina kweli ndani yake, wala halina haja ya kukanwa. Lakini mbegu ni jambo moja na shamba ni jambo jingine. Muhogo ulitoka ng'ambo ya bahari, ukaletwa na Wareno, na leo nani atasema kwamba ugali wa muhogo si chakula chetu? Mambo yanayomfanya mtu aue katika vitabu hivi ni mambo ya watu wa pwani: urithi wa mashamba, ndoa, talaka, mtoto asiyejulikana baba yake, na heshima ya nyumba kubwa. Holmes asingeyafumbua hayo kama asingekaa barazani miaka mingi.

Fungu la pili lilikuwa kali zaidi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wapimaji wengi wa Tanzania walitaka kila kitabu kisaidie kujenga nchi na kufichua dhuluma. Kwa kipimo hicho hadithi za upelelezi zilionekana nyepesi. Ziliwekwa katika kundi liitwalo fasihi pendwa, pamoja na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965) na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba (1974). Jina hilo ni la ajabu kidogo, maana kupendwa ni sifa njema, lakini hapo limetumika kama namna ya kupunguza. Ikawa kana kwamba kitabu kikipendwa na watu wengi, basi hakina kitu. Walisema kwamba hadithi hizi humshughulisha msomaji kumtafuta mwovu mmoja, na mwovu huyo akikamatwa, dunia yarudi kuwa njema, ilhali ubaya mwingine mkubwa wabaki pale pale haukuguswa. Nakiri kwamba hoja hii ina nguvu. Tajiri wa hadithi ana mashamba makubwa, lakini kitabu hakiulizi sana mashamba hayo yalipatikanaje.

Fungu la tatu ni la wale waliosifu, nao wametaja mambo mawili. Kwanza, lugha. Kiswahili cha Muhammed Said Abdulla ni cha Unguja chenye mizaha, misemo na mazungumzo yaendayo mbio, na mwanafunzi ajifunza mengi kwa kukisoma. Pili, walisema kwamba yeye ni mmoja wa waliouvusha utungaji wa Kiswahili kutoka hadithi za kale za sultani na majini kwenda riwaya ya watu wa siku hizi, wenye kazi, barua na saa za kupanga miadi. Hadithi ya upelelezi haiwezi kuishi bila saa na tarehe, kwa maana nani alikuwa wapi saa ngapi ndiyo mifupa yake. Basi aliyejitia kuandika mchezo alikuwa akijenga nyumba mpya.

IV. Watu wa ng'ambo nao walibishana

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba ubishi huu ni wa Waswahili peke yao. Mwaka 1945 mpimaji mashuhuri wa Marekani, Edmund Wilson, aliandika makala akiuliza ni nani ajaliye aliyemwua Roger Ackroyd. Huyo Ackroyd ni mtu wa katika kitabu cha Agatha Christie cha mwaka 1926. Wilson aliona kwamba kusoma vitabu hivyo ni kupoteza wakati. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1948, mshairi W. H. Auden alijibu kwa njia nyingine. Alikiri kwamba kwake kusoma hadithi za upelelezi ni kama ulevi wa tumbaku, lakini akatafuta sababu. Akaeleza kwamba ndani ya hadithi hizo kuna watu wanaoishi pamoja kwa amani, dhambi yaingia, kila mtu ashukiwa, na mwisho kosa laondolewa na wasio na hatia warudishiwa heshima yao. Twaona, basi, kwamba kitu kile kile mmoja alikiita takataka na mwingine akakiona kina maana ya ndani.

Sasa tuangalie sinema. Mwaka 1985 Marekani ilitoka picha iitwayo Clue, iliyoongozwa na Jonathan Lynn. Ilitokana na mchezo wa mezani uliobuniwa na Mwingereza Anthony Pratt wakati wa vita kuu ya pili na kuanza kuuzwa mwaka 1949. Wageni sita waalikwa katika jumba moja usiku wa mvua, kila mmoja amepewa jina la uongo, mwenye kuwaita auawa, na mtumishi wa nyumba, aliyeigizwa na Tim Curry, akimbia huku na huku kuwaeleza mambo yalivyokuwa. Watu wafa mmoja baada ya mmoja, na watazamaji wacheka.

Watengenezaji wa picha hiyo walifanya hila. Walitengeneza miisho mitatu, na kila nyumba ya sinema ikapewa mwisho mmoja tu. Aliyetaka kuiona yote ilimpasa kulipa mara tatu. Watu hawakulipa hata mara moja ya kutosha: picha iliyogharimu dola milioni 15 hivi ilipata milioni 14 na kitu katika majumba ya sinema ya Marekani. Wapimaji nao hawakuihurumia. Roger Ebert aliipa nyota mbili katika nne. Janet Maslin wa gazeti la New York Times aliona kwamba mwanzo tu ndio wenye kuvutia kidogo.

Lakini habari haikuishia hapo. Picha hiyo ilipotolewa katika kanda za nyumbani na kuonyeshwa katika televisheni, miisho yote mitatu iliunganishwa, mmoja baada ya mwingine. Watoto waliitazama mara nyingi hata wakayajua maneno kwa moyo. Ile hila iliyowachukiza watu mwaka 1985 ikageuka kuwa kichekesho bora, kwa sababu sasa mtazamaji aona dalili zile zile zikimtia hatiani huyu, halafu yule, halafu wote. Leo picha hiyo ina wapenzi wengi kuliko picha nyingi zilizosifiwa mwaka ule.

Twajifunza nini? Hukumu ya kwanza si hukumu ya mwisho. Hata hivyo wapimaji wa 1985 hawakusema uongo. Walihukumu kile walichoonyeshwa, nacho kilikuwa theluthi moja ya kitu. Tena twajifunza kwamba namna ya kuonyesha yaweza kubadili kitu chenyewe. Jambo hili si geni kwetu. Tanzania wametokea watu wanaotafsiri sinema za kigeni kwa Kiswahili, wakisimulia juu ya picha, na mashuhuri wao alikuwa Derek Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Msimulizi wa namna hiyo hupunguza hapa na kuongeza pale, hutia mzaha mahali pa kimya, na picha ya huzuni yaweza kutoka kinywani mwake ikawa kichekesho. Yeye naye ni mpimaji, ingawa haandiki gazetini.

V. Na sisi wa huku je?

Narudi kwenye neno zito la mwenzetu. Alisema maiti si mchezo. Namwunga mkono kwa sehemu. Ziko picha nyingi ambazo watu huuawa kwa makumi, hakuna alizaye, hakuna aulizaye jina la aliyekufa, na mtazamaji hufurahia mlipuko tu. Mtoto aliyekimbia usiku na mama yake mpaka porini hahitaji picha hizo, na mimi sitamwonyesha.

Lakini hadithi ya Bwana Msa yafanya kinyume. Humo kifo kimoja chatosha kuwashughulisha watu wote kitabu kizima. Hakuna asemaye, "Ameshakufa, tuendelee." Kila mtu aulizwa alikuwa wapi. Jina la marehemu latajwa mpaka ukurasa wa mwisho. Katika nchi ambayo wengi wamekufa bila mtu kuja kuuliza, kitabu kisemacho kwamba kifo cha mtu mmoja chastahili kuchunguzwa mpaka mwisho si kitabu chepesi.

Tena kuna faida nyingine, nayo naiona kuwa kubwa kuliko zote. Katika mkoa wetu, kwenye uwanda wa Muidumbe, miaka ya 2002 na 2003 simba waliwaua watu wengi. Pakazuka maneno kwamba hao si simba wa porini bali ni simba wa kutengenezwa na wachawi. Walioshukiwa wakauawa na majirani zao, bila ushahidi na bila hukumu. Mwanachuoni Paolo Israel alieleza habari hizo katika makala yake ya mwaka 2009. Vilevile, kipindupindu kilipoingia kaskazini ya Msumbiji, mara kadhaa ulienea uvumi kwamba watu wa afya waliokuja kutia dawa ya kloro majini ndio walioleta ugonjwa, na wengine wakapigwa. Mwanachuoni Carlos Serra aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, kilichotoka mwaka 2003. Ndani ya uvumi huo mlikuwamo hofu ya kweli na hasira ya kweli ya watu maskini, hayo hatuyadharau. Lakini waliopigwa hawakuwa na kosa.

Na tangu mwaka 2017 ni mara ngapi tumesikia mtu akinyoshewa kidole kwa sababu ya kijiji alichotoka, au lugha asemayo, au kofia aliyovaa, au kwa kuwa mtoto wa nduguye hajulikani alipo? Mmwani amshuku Mmakonde, Mmakonde amshuku Mmwani, na mkimbizi ashukiwa na wote. Huko ni kuwa Najum: kukimbilia kusema kabla ya kufikiri. Tofauti ni kwamba Najum akikosea kitabuni twacheka, lakini akikosea kijijini mtu hufa.

Hapo ndipo nilipoona kazi ya kicheko. Mtu akihubiriwa kwamba asishuku ovyo, huitikia na kusahau. Lakini akimcheka Najum, halafu akatambua kwamba naye alimshuku mtu yule yule asiye na hatia, na kwa sababu ile ile ya upuuzi, aibu kidogo humwingia, na aibu hiyo humfundisha. Kicheko kimemfungua mlango, na funzo limeingia. Ndiyo maana nasema kwamba wale wapimaji wa fungu la pili walitoa hoja njema, lakini walipima upande mmoja. Hadithi nyepesi haibadili mfumo wa nchi, ni kweli. Ila yaweza kumzoeza mtu kuuliza, "Wewe umejuaje?" kabla hajaokota jiwe.

VI. Kipimo ninachokipendekeza

Basi, ndugu msomaji, ukipewa kitabu au picha ya mauaji yenye kuchekesha, usikubali mara moja wala usikatae mara moja. Uliza mambo manne.

La kwanza: Je, kicheko ni juu ya aliyekufa, au ni juu ya ujinga wetu sisi tunaotafuta? Kikiwa juu ya aliyekufa, kiache.

La pili: Je, mtungaji ametupa dalili zote kwa haki, au ametudanganya ili atushangaze?

La tatu: Je, asiye na hatia mwishowe amesafishwa mbele ya watu wale wale waliomshuku? Hili husahauliwa sana, kitabuni na kijijini pia.

La nne: Je, baada ya kusoma, nimekuwa mwepesi zaidi wa kushuku, au mzito zaidi?

Kwa kipimo hiki Mzimu wa Watu wa Kale wapita vizuri, na kama utaupata, usome. Picha ya Clue yapita kwa shida katika la tatu, lakini katika la pili yatuchekesha kwa kutuonyesha kwamba dalili zile zile zaweza kumfunga mtu yeyote. Hilo nalo ni onyo.

Maswali ya kujifunzia

1. Taja tofauti kati ya kukicheka kifo na kulicheka kosa la mtafutaji. Toa mfano wako mwenyewe.

2. Wapimaji walisema Bwana Msa ni Holmes katika kanzu. Je, kitu kilichotoka ugenini chaweza kuwa chetu? Kwa masharti gani?

3. Chagua uvumi mmoja uliousikia mwaka huu, bila kutaja jina la mtu. Andika dalili zinazouunga mkono upande mmoja na zinazoupinga upande wa pili. Kisha hesabu ni ngapi ulizoziona kwa macho yako.